Kelley, Baruch au cha bure? Jibu kwa binti wa Kisauni anayeitaka Wall Street

*Shikamoo. Nimemaliza KCSE nikapata A-, na sasa nimekubaliwa na vyuo vitatu Marekani nianze Agosti 2026. Cha kwanza ni Indiana University, na shule yake ya biashara, Kelley, imenichukua moja kwa moja. Cha pili ni Baruch, New York. Cha tatu ni chuo kidogo North Carolina ambacho kimenisamehe ada yote, nijitegemee chakula na malazi tu. Nataka kufanya kazi kwenye benki za uwekezaji. Baba anasema nichukue cha bure. Mjomba aliye Dallas anasema shahada ya fedha ni ile ile popote. Mimi nikisoma orodha za vyuo bora, kila moja inasema lake. Nichague kipi, na nitazame nini? – Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Marahaba, binti. Baba yako ana hoja, mjomba hana, na orodha ziweke kando. Orodha nyingi hupima utafiti wa maprofesa na maoni ya wakuu wa vyuo kuhusu vyuo vya wenzao. Benki haiajiri kwa orodha. Benki ina vyuo ambavyo watu wake walisoma, na kila mwaka watu hao hurudi huko huko kuchukua wadogo zao. Mhitimu wa shahada ya fedha wa chuo kimoja huitwa kwenye usaili akiwa bado chuoni. Mwenzake mwenye shahada ya jina lile lile na alama zile zile, wa chuo kingine, hutuma maombi mia moja asijibiwe hata moja.

Kwanza tukubaliane kazi yenyewe ni ipi, maana neno "benki" linachanganya. Serikali ya Kenya ilipouza hisa za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, kuna watu waliokadiria thamani ya kampuni, wakaandika waraka wa mauzo na kutafuta wanunuzi wakubwa. Morgan Stanley na Dyer & Blair ya Nairobi walikuwemo. Hiyo ndiyo kazi: kuzitafutia kampuni na serikali mtaji, na kuishauri kampuni inayonunua nyingine au inayonunuliwa. Kijana anayeanza huitwa mchambuzi, na hupewa mkataba wa miaka miwili hivi. Mshahara wa msingi wa mwaka wa kwanza kwenye benki kubwa za New York umekuwa takriban dola 110,000 tangu 2022, bonasi mbali. Usiku hulali vizuri: mwaka 2024 JPMorgan iliweka kikomo cha saa 80 kwa wiki kwa vijana wake, na hicho kilihesabiwa kuwa unafuu.

Sasa mlango. Benki kubwa za Marekani hazingoji uhitimu ndipo zikuajiri. Huchukua wanafunzi kwa mafunzo kazini ya wiki kumi hivi, Juni hadi Agosti, kwenye kiangazi cha kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Sehemu kubwa ya wachambuzi wapya hutoka kwenye kundi hilo, na nafasi zinazobaki kwa wanaohitimu bila kupitia hapo ni chache. Mpaka hapo wengi wanajua. Wasichokijua ni lini maombi yanafunguliwa. Katika mizunguko ya karibuni yamekuwa yakifunguliwa mwaka mmoja na zaidi kabla, katikati ya mwaka wa pili, kati ya Desemba na Machi.

Piga hesabu kwa kalenda yako. Unaanza Agosti 2026. Mafunzo yako ya kiangazi ni ya 2029. Maombi, kama mtindo utabaki huu, yatafunguliwa kati ya Desemba 2027 na Machi 2028. Yaani siku unayobonyeza kitufe cha kutuma, umekaa Marekani miezi 16 hivi, na karatasi yako ya alama ina mihula miwili, pengine mitatu. Muhula wa kwanza, ule ambao wageni wengi huuchukulia kuwa wa kuzoea baridi na chakula, ni theluthi nzima, au hata nusu, ya alama benki itakazoziona. GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.5 kwa 4.0 ndiyo kizingiti ambacho chini yake wasifu wako hauna wa kuusoma. Kwa mwanafunzi wa kigeni ni salama zaidi ulenge 3.7.

Hapa ndipo tofauti ya programu na programu inapoonekana, na wala haimo kwenye jina la shahada. Mtaala wa kawaida wa shahada ya fedha Marekani umepangwa hivi: mwaka wa kwanza hesabu, uandishi na uchumi wa utangulizi, mwaka wa pili uhasibu, mwaka wa tatu fedha za makampuni, mwaka wa nne kukadiria thamani ya kampuni. Usaili wa benki uko mwaka wa pili. Kwa hiyo ukifuata mtaala kama ulivyoandikwa, utaulizwa Machi 2028 mambo ambayo darasani utafundishwa 2029. Chuo kizuri kwa njia hii ni kile ambacho kimeliona pengo hilo na kuliziba nje ya mtaala.

Nikupe mfano wa swali ili uone kina chake. "Uchakavu wa mitambo ukiongezeka kwa dola 10, taarifa tatu za fedha zinabadilikaje?" Ukichukua kodi ya asilimia 25, faida kabla ya kodi inashuka kwa 10, kodi inapungua kwa 2.50, faida halisi inashuka kwa 7.50. Kwenye mtiririko wa fedha taslimu unaanza na hasara hiyo ya 7.50, kisha unarudisha 10 kwa sababu uchakavu si pesa iliyotoka mfukoni. Fedha taslimu zinapanda kwa 2.50. Kwenye mizania, fedha zimepanda 2.50, mitambo imeshuka 10, jumla ya mali imeshuka 7.50; upande wa pili faida iliyolimbikizwa imeshuka 7.50 pia, na mizani imekaa sawa. Hili ni swali la kupasha moto tu. Baada yake yanakuja ya kukadiria thamani kwa mtiririko wa fedha wa miaka ijayo, ya kulinganisha kampuni na wenzake sokoni, na ya kununua kampuni kwa mkopo. Unatakiwa ujibu kwa mdomo, bila karatasi, na mtu mwenye usingizi upande wa pili wa simu.

Kelley wamelijibu pengo hili kwa kitu kinachoitwa Investment Banking Workshop. Ni darasa teule: unaomba, unachujwa, na ukiingia unafundishwa haya niliyoyataja kabla mtaala haujayafikia, tena kwa msaada wa wahitimu wanaofanya kazi kwenye benki zenyewe. Hao wahitimu ndio thamani kubwa. Kijana aliyepita kwenye darasa lile ana deni kwalo, na deni hilo hulilipa kwa kuchukua simu yako. University of Illinois ina Investment Banking Academy yenye wazo hilo hilo. Vyuo vingine huwa na mfuko wa hisa unaoendeshwa na wanafunzi, au klabu tu. Klabu usiidharau, kwenye vyuo vingi ndiyo inayofanya kazi yote ambayo kitivo hakiifanyi. Ila iulizie: je, ina mafunzo ya kila wiki yenye silabasi, au ni kundi la WhatsApp lenye nembo?

Tahadhari moja kuhusu Kelley, na ndiyo inayowaumiza wengi. Kukubaliwa Kelley si kukubaliwa kwenye warsha. Waombaji ni wengi kuliko viti. Anayekosa anabaki na shahada nzuri ya biashara kwenye chuo kikubwa kilichoko Bloomington, mji mdogo wa chuo, na watu wa benki wakija kampasi anapanga foleni nyuma ya wenzake waliokwisha nolewa. Kwa hiyo usiihesabu Indiana kana kwamba warsha umekwisha kuipata. Hata hivyo wewe umechukuliwa moja kwa moja, na hilo lina uzito. Asiyechukuliwa hivyo huingia chuo kikuu kwanza, kisha anaomba shule ya biashara baadaye kwa alama za chuo, na huo ni usaili mwingine ndani ya miezi ile ile 16.

Mjomba wako angeshangaa kujua kwamba vyuo kadhaa vinavyopeleka watu wengi Wall Street havina shahada ya fedha kabisa. Dartmouth haina. Amherst haina. Wanafunzi wao husoma uchumi, historia, hata falsafa, na benki huwachukua kwa sababu wahitimu wao wamejaa mle ndani. Kwa hiyo chuo chako kidogo cha North Carolina usikifute kwa sababu kinatoa uchumi badala ya fedha. Huenda kikawa cha aina hiyo, huenda kikawa cha aina ambayo hakuna mtu New York aliyekisikia. Huwezi kujua kwa kusoma tovuti yake, maana tovuti ya kila chuo ina picha ya kijana mwenye tai amesimama mbele ya fahali wa Wall Street. Utajua kwa kuhesabu watu.

Kuhesabu ni hivi. Fungua akaunti ya LinkedIn, nenda kwenye ukurasa wa chuo, ingia sehemu ya wahitimu. Weka miaka ya kuhitimu 2021 hadi 2025. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika kwa Kiingereza maneno yanayomaanisha mchambuzi wa benki ya uwekezaji, kama yanavyoandikwa kwenye vyeo. Utapata namba. Usiiamini bado. Fungua wasifu mmoja mmoja na uondoe makundi manne. La kwanza ni walio kwenye benki ile ile lakini idara nyingine: uendeshaji, udhibiti, teknolojia, ushauri wa matajiri binafsi. Kufanya kazi Goldman Sachs si lazima iwe kazi unayoitaka wewe. La pili ni waliofika huko baada ya kusoma shahada ya pili chuo kingine. Sifa ni ya chuo kile cha pili. La tatu ni wa kampuni za watu wawili watatu zinazojiita benki. La nne ni walioandika mafunzo ya kufikirika ya mtandaoni kana kwamba ni kazi. Waliobaki gawanya kwa miaka mitano, kisha linganisha na ukubwa wa darasa. Watu 10 kwa mwaka kutoka chuo chenye wahitimu 450 ni njia pana kuliko watu 60 kutoka chuo chenye wahitimu 4,000.

Kisha fanya hesabu ya pili, ambayo ni ya kwako hasa: kati ya hao waliobaki, wangapi walisoma sekondari nje ya Marekani? Angalia pale wanapoandika shule. Ukikuta chuo kina wachambuzi 40 na wote walisoma sekondari ya mtaani kwao Marekani, njia ipo lakini hujaona mtu aliyeipita akiwa na viatu vyako. Ukimpata hata mmoja kutoka Nairobi, Kampala, Lagos au Mumbai, mwandikie. Sentensi nne tu: wewe ni nani, umekubaliwa wapi, unaomba dakika 20, na swali moja mahususi. Wengi hawatajibu, lakini anayejibu atakueleza kwa dakika hizo mambo ambayo ofisi ya udahili haiwezi kuyasema.

Nimefika kwenye jambo ambalo washauri wengi wa Marekani hulisahau kwa sababu wao halijawagusa: kibali. Utaingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Kwa viza hiyo, mafunzo kazini nje ya chuo wakati unasoma huruhusiwa kupitia CPT, kibali cha mafunzo yaliyo sehemu ya masomo, baada ya kumaliza mwaka mmoja kamili wa masomo, na kazi iwe sehemu ya mtaala. Baadhi ya vyuo huna budi kujiandikisha somo la kiangazi la krediti moja (krediti ni kipimo cha uzito wa somo) na kulilipia. Vingine vina urasimu mrefu kiasi kwamba tarehe ya kuanza kazi inapita. Uliza mapema. CPT ya muda wote ikifika miezi 12 inakunyima OPT, kibali cha kufanya kazi baada ya kuhitimu, lakini viangazi viwili vya wiki kumi haviko karibu na hapo, usiogope.

Ukihitimu unapata OPT, miezi 12 ya kufanya kazi. Fani ikiwa kwenye orodha ya serikali ya sayansi na hesabu, unaweza kuongezewa miezi 24, jumla 36. Baada ya hapo mwajiri anatakiwa akuombee viza ya kazi ya H-1B, na hiyo ni bahati nasibu ya kila Machi yenye nafasi 85,000 kwa nchi nzima, 20,000 kati yake zikiwa za wenye shahada ya pili ya Marekani na kuendelea. Miezi 12 inakupa takriban nafasi moja ya bahati nasibu. Miezi 36 inakupa tatu. Benki inayoamua kama ikuchukue inaijua hesabu hiyo kuliko wewe.

Sasa sikia hili vizuri. Kila fani ina namba ya serikali inayoitwa CIP, na namba hiyo, siyo jina la shahada, ndiyo inayoamua. Fedha ya kawaida ni 52.0801 na haimo kwenye orodha. Uchumi unaosajiliwa kama ekonometriki na uchumi wa kihesabu ni 45.0603, na umo. Uchambuzi wa data za fedha, 30.7104, umo. Vyuo vingi vimehamisha uchumi wao kwenda 45.0603 kwa ajili ya wanafunzi kama wewe. Kwa hiyo inawezekana kabisa shahada ya uchumi ya chuo kidogo ikawa na thamani kubwa kwako kuliko shahada ya fedha ya shule yenye jina, kwa sababu ya tarakimu sita. Mwenye grinkadi hana haja na aya hii. Wewe unayo, na ndiyo maana ushauri wa mjomba wa Dallas, hata kama nia yake ni njema, haukutoshi. Mahali ambapo fedha ndiyo fani pekee iliyo na nguvu, suluhisho la kawaida ni fani kuu mbili: fedha pamoja na nyingine iliyomo kwenye orodha. Hapo chuo kikubwa kama Indiana hurahisisha.

Kwenye fomu ya maombi ya kazi utakutana na swali kama utahitaji mwajiri akuombee viza sasa au baadaye. Jibu lako ni ndiyo, na usidanganye, maana uongo huo hugunduliwa siku ya kuajiriwa. Benki kubwa za kimataifa nyingi huchukua wanafunzi wa kigeni, na bahati nasibu ikikataa baadhi huweza kukuhamishia ofisi ya London au Toronto. Benki za kati, zile nzuri za Chicago, Minneapolis na Milwaukee ambazo kwa Mmarekani ni mpango wa pili ulio salama, nyingi hufunga faili wakiona jibu hilo. Matokeo yake ni kwamba wewe mpango wa pili wa mwenzako huna. Na hali inabadilika: Septemba 2025 rais wa Marekani alitangaza ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B ya watu walio nje ya nchi hiyo. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo ndiyo ya kuuliza, siyo TikTok.

Pesa. Indiana, kwa asiye mkazi wa jimbo, ada peke yake inazidi dola 38,000 kwa mwaka. Ukiongeza malazi, chakula, bima na ndege, unakaribia au unapita 60,000. Baruch ni sehemu ya CUNY, vyuo vya umma vya jiji la New York, na asiye mkazi hutozwa takriban dola 620 kwa krediti. Krediti 30 kwa mwaka ni 18,600. Ila New York yenyewe ndiyo inayokula: chumba cha kupanga, hata cha kushirikiana huko Queens, kinaweza kukuzidi ada. Chuo cha tatu unalipa malazi na chakula. F-1 inakuruhusu kazi ya ndani ya kampasi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, nayo itakulipia sabuni na simu, haitakulipia muhula.

Baruch nimeizungumzia kidogo, na haistahili kudharauliwa. Kutoka 23rd Street kwa treni namba 6 hadi Grand Central ni vituo vitatu, na hapo uko hatua chache kutoka makao makuu ya JPMorgan. Kitivo chake cha biashara, Zicklin, kina programu ya kuwaandaa wachache kwa kazi za Wall Street. Ukiwa mjini unaweza kunywa kahawa na mhitimu saa sita mchana na kuwahi darasa la saa nane. Wa Bloomington hupanda ndege kwa hilo. Upungufu wake ni kwamba wanafunzi ni wengi, wengi wao wanafanya kazi huku wakisoma, na benki huchukua wachache sana wa juu. Ulizia pia kama hiyo programu inawakubali wenye F-1, kwa sababu programu nyingi za Marekani za kuwainua wanafunzi zinataka uwe na haki ya kudumu ya kufanya kazi.

Basi uamuzi wangu, kwa niliyoyaona kwenye barua yako. Kama familia inaweza kulipa Indiana kwa miaka minne bila kuuza nyumba wala kukopa kwa kutegemea mshahara wako wa baadaye, nenda Kelley, chukua fedha pamoja na fani ya pili iliyo kwenye orodha, na ishi mihula mitatu ya kwanza kana kwamba ndiyo chuo kizima. Kama haiwezi, usikope. Mkopo wa dola laki mbili unaolipwa kwa kazi inayopitia bahati nasibu mbili, ya benki na ya viza, si mkopo wa mtu mwenye akili timamu. Hapo baba yako ameona mbali. Kati ya Baruch na chuo cha bure, hesabu ya LinkedIn ndiyo iamue. Chuo kidogo kikiwa na angalau watu watatu wanne kwa mwaka wanaoingia benki za uwekezaji, Charlotte ikiwemo maana ndipo yalipo makao makuu ya Bank of America, na uchumi wake ukiwa 45.0603, kichukue bila kuangalia nyuma. Ukikuta mtu mmoja kwa miaka mitano, ujue unakwenda kupata elimu nzuri ya bure, si njia ya Wall Street, na hilo pia ni jambo la heshima mradi umelijua kabla.

Njia ambayo sitaki uifuate, maana najua kuna atakayekushauri, ni ya kuanza chuo cha jamii cha miaka miwili kisha kuhamia chuo kikubwa mwaka wa tatu. Kwa uuguzi au uhandisi inaokoa pesa nyingi. Kwa benki za uwekezaji unafika kampasi Agosti, na usaili wa darasa lako ulimalizika miezi kadhaa nyuma. Wanaoiweza hujirudisha nyuma mwaka mmoja wa kuhitimu, na mwaka mmoja wa gharama umeula ule uliookoa.

Kuna mlango mwingine ambao hukuutaja. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Bowdoin na Dartmouth hufanya udahili bila kuangalia kama mwanafunzi wa kigeni ana pesa, na wakikuchukua hukamilisha upungufu wote wa familia. Ushindani ni mkali mno. Lakini KenSAP na programu ya viongozi ya Equity zimekuwa zikiandaa vijana wa Kenya kwa vyuo vya namna hiyo. Soma masharti yao uone kama matokeo na hali yako vinaingia. Mwaka mmoja wa kusubiri si hasara kwa mtu wa umri wako. Uingereza ni habari nyingine: KCSE peke yake kwa vyuo vingi vya huko haitoshi, utatakiwa mwaka wa msingi au A-Level.

Kiangazi cha 2027, baada ya mwaka wa kwanza, usikikae bure na usikihangaikie New York. Rudi Kenya. Kazi ya nje ya Marekani haihitaji CPT, na wiki nane kwenye benki ya uwekezaji au kampuni ya madalali wa hisa Nairobi, hata kwa posho ya nauli, zinakupa mstari wa kweli kwenye wasifu miezi michache kabla maombi hayajafunguliwa. Omba Januari, kwa barua pepe, ukimwandikia mtu wa idara ya fedha za makampuni mwenyewe badala ya anwani ya jumla. Omba upewe kazi ya kujenga jedwali la Excel la kampuni moja iliyoorodheshwa soko la Nairobi. Kwenye usaili utaulizwa ulichokifanya, na "nilihudhuria mikutano" si jibu.

Wiki hii andikia ofisi za ajira za vyuo vyote vitatu maswali haya kwa Kiingereza chako, uombe jibu la maandishi: benki zipi zilikuja kampasi mwaka uliopita kufanya usaili; wanafunzi wangapi wa F-1 walipata mafunzo ya kiangazi ya benki za uwekezaji; walioomba warsha au programu teule walikuwa wangapi na walioingia wangapi; somo la kwanza la uhasibu naweza kulichukua muhula wa kwanza; namba ya CIP ya kila fani ninayoifikiria ni ipi. Ofisi yenye majibu hukutumia jedwali. Ofisi isiyo nayo hukutumia kijitabu chenye picha.

Kwa vyuo vingi 1 Mei ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha nafasi. Lipa amana chuo kimoja tu. Kulipa viwili ili ujipe muda kunaweza kukufutia vyote. Kisha watakutumia I-20, fomu ya chuo unayoombea viza. Kabla hujalipa dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na kupanga tarehe ya ubalozi, tazama ukurasa wa kwanza mahali pa fani. Ikiandikwa 52.0801 na wewe ulikubaliana nao nyingine, waandikie warekebishe. Na kila utakapobadili fani baadaye, dai I-20 mpya, uisome namba hiyo tena.